Biskuti za oti na matunda bila yai wala maziwa: zangu zinatoka uji katikati, nisaidieni

MamaWaPili58 (Nakuru), Jumatano usiku

Hamjambo wapendwa. Jambo hili limenikaa moyoni wiki mbili, na leo nimeona nililete hapa kwa sababu humu kuna watu wanaojua kuoka kunishinda.

Kijana wangu wa pili ana miaka sita. Akila yai anavimba midomo na macho, na maziwa ya ng'ombe humtapisha. Tuliligundua hilo kabla hajatimiza miaka miwili, na nyumbani tumeshazoea. Shida iko shuleni. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi darasa lao huleta vitafunio wakala pamoja. Mwezi uliopita alikaa na ndizi yake moja mkononi, wenzake wakila keki. Aliporudi hakulia wala hakulalamika. Aliniuliza tu, "Mama, keki yangu iko wapi?" Sikuwa na jibu.

Basi nikaanza kujaribu biskuti za oti na matunda. Mara ya kwanza niliponda ndizi nne kubwa, nikatia vikombe viwili vya oti, zabibu kavu na mdalasini, nikapanga kwenye trei na kuingiza kwenye oveni ya gesi. Baada ya dakika ishirini juu zilikuwa za kahawia, chini zimeng'ang'ania trei, katikati ni uji mtupu. Mara ya pili nikaongeza oti hadi vikombe vitatu na nikaziacha dakika arobaini. Zilikauka hivi kwamba ukigonga moja mezani inalia kama kijiwe.

Nilicho nacho: oveni ya gesi ambayo namba zake za joto zimefutika, ndizi za Kisii nazonunua soko la Wakulima, oti za pakiti, na siagi ya karanga. Karanga anakula bila shida, daktari alishampima. Ijumaa yenyewe ni baada ya siku tisa. Sitaki kitu cha kumpumbaza mtoto. Nataka biskuti ambayo hata mwenzake akionja ataomba nyingine.

NyarKibuye (Kisumu)

Pole dada. Maswali mawili kwanza. Oti zako ni zile bapa kubwa, au ni zile ndogo zinazoiva kwa dakika moja? Na ndizi zilikuwa na madoa?

MamaWaPili58

Ni zile za haraka, ndizo tunazopikia uji asubuhi. Ndizi zilikuwa njano safi, hazina doa hata moja. Nilichagua zilizo nzuri kabisa.

MwokajiMilimani (Kisumu)

Mama, majibu yako mawili yameeleza karibu kila kitu. Niruhusu niandike kwa urefu kidogo, kwa sababu nimefanya kazi ya kuoka miaka kumi na moja na biskuti hizi ndizo zilizonifundisha unyenyekevu.

Kwenye biskuti ya kawaida siagi inalainisha, sukari inatia utamu na rangi, yai linashikanisha. Wewe umeviondoa vyote, na kazi zao zote zimeangukia ndizi. Watu wengi huitazama ndizi kama kionjo tu, wanatupa mbili, wanatupa nne, kulingana na zilizobaki kwenye kikapu. Lakini hapa ndizi ndiyo maji yako na ndiyo gundi yako. Ukikosea kipimo chake, hakuna kitakachokuokoa mbele.

Kwa hiyo usihesabu ndizi, zipime. Ndizi moja ya Kisii inaweza kuwa mara mbili ya nyingine. Mimi hutumia gramu 300 za ndizi iliyomenywa kwa gramu 200 za oti. Ndizi zako nne kubwa nadhani zilikaribia gramu 500, na oti zile za haraka ni nyembamba sana, zinalainika zote mara moja na kuwa rojo. Ndiyo maana ukapata uji. Mara ya pili uliongeza oti bila kuongeza kimiminika wala mafuta, halafu ukazichoma dakika arobaini.

Sasa madoa. Ndizi ikiwa mbichi imejaa wanga. Inavyoiva, wanga ule unageuka sukari na nyama yake inalegea. Unayoitaka ni ile yenye madoa mengi ya kahawia, ambayo muuzaji atakupunguzia bei kwa sababu wateja wengine wanaikataa. Ikipondwa kwa uma inakuwa laini bila mabonge, na haitahitaji sukari. Nakuru kuna baridi, hasa miezi hii, kwa hiyo ndizi huchelewa kuiva. Zifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na avokado iliyoiva, baada ya siku mbili tatu utaona tofauti. Usiziweke kwenye friji zikiwa bado: ganda litakuwa jeusi na ndani haitaiva.

Oti: tafuta zile bapa kubwa. Chukua nusu yake usage kwenye blenda hadi ziwe unga wa chengachenga, nusu nyingine iache nzima. Unga unashika, nzima zinakupa kitu cha kutafuna.

Halafu kuna hatua ambayo karibu kila mtu anairuka. Ukishachanganya, funika bakuli uache dakika thelathini. Oti zina nyuzi zinazoyeyuka kwenye maji na kuwa kama ute. Ndio ule utelezi unaouona kwenye uji wa oti. Ute huo ndio utakaoshika biskuti mahali pa yai, lakini unahitaji muda. Mchanganyiko ukiingia nao bakulini ni tope, baada ya nusu saa unakuta umekaza na kijiko kinasimama.

Vipimo vyangu vya biskuti kama ishirini: ndizi gramu 300, oti gramu 200, siagi ya karanga vijiko vitatu vikubwa, zabibu kavu nusu kikombe, mdalasini kijiko kidogo, chumvi robo ya kijiko kidogo. Chumvi usiiache, bila hiyo utamu wa ndizi unakuwa bubu. Bekingi pauda si lazima. Ukiitaka, tia nusu kijiko kidogo tu. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, na huko hewa ya bekingi pauda inatanuka zaidi kuliko huku kwetu ziwani. Biskuti ikiinuka kupita kiasi itaporomoka.

Zibonyeze ziwe na unene wa kidole, kwa sababu hizi hazitandazi zenyewe kama za siagi. Jinsi unavyoziweka ndivyo zitakavyotoka. Karatasi ya kuokea chini, joto nyuzi 175, dakika 18 hadi 20. Zikitoka zitakuwa laini, na hapo wengi hupata wasiwasi wakazirudisha. Usizirudishe. Ziache juu ya waya zipoe kabisa, zitakaza.

MamaWaPili58

Kaka, nimesoma mara tatu. Asante sana. Oveni isiyo na namba nifanyeje?

MwokajiMilimani

Nyunyiza kijiko cha unga wa ngano kwenye sahani ya bati, weka katikati ya oveni iliyokwisha pata moto. Ukiwa rangi ya biskuti ya chai kwa dakika tano hivi, joto ni la wastani, ndilo unalolitaka. Ukiwa kahawia nzito kabla ya hapo, punguza moto. Ila kwa sababu ni ya mtoto mwenye mzio, chota unga kwa kijiko safi na ufute oveni baada ya kipimo.

ShangaziWaWebuye (Bungoma)

Mwanangu, hapo kwa kijana wako umenigusa. Mjukuu wangu naye yai lilimkataa, sasa ni mkubwa na anakula, lakini miaka ile nilihangaika.

Mimi huongeza wimbi. Chukua unga wa wimbi vijiko vinne vikubwa, ukaange kwenye kikaango kikavu bila mafuta, moto mdogo, ukikoroga na mwiko bila kuacha. Utasikia harufu inabadilika, inakuwa kama ya njugu zilizochomwa. Hapo ipua. Tia kwenye mchanganyiko wa huyo mwokaji na upunguze oti kiasi hicho hicho. Rangi inakuwa nzito nzuri na watoto hudhani ni chokoleti. Ila wimbi hunywa maji, kwa hiyo ongeza vijiko viwili vya maji au ndizi kidogo.

Na ikitokea ndizi zimekosekana, viazi vitamu vile vya rangi ya machungwa hufaa sana. Huku kwetu na Busia vimelimwa kwa wingi. Chemsha na maganda, menya, ponda vikiwa moto. Ni vikavu kuliko ndizi, kwa hiyo weka mafuta ya kupikia vijiko viwili na maji kiasi. Utamu wake ni wa taratibu lakini mimi naupenda kuliko wa ndizi, nasema kweli.

MkulimaMolo

Nimeona mara nyingi watu wakiita oti "shayiri". Shayiri ni ile inayolimwa Mau Narok kwa ajili ya bia. Oti ni mmea mwingine, na huku juu wengi wetu tunaujua kama majani ya ng'ombe, tunaukata ukiwa kijani. Hizo za pakiti zimepikwa kwa mvuke kisha zikabanwa kwa rola, ndiyo maana ni bapa. Mvuke huo pia huzuia mafuta yake yasiharibike haraka. Lakini pakiti ikikaa wazi miezi mingi itachacha tu, utasikia harufu kama ya rangi ya ukuta. Nusa kabla ya kupima.

Kijana_wa_Mumias

Mimi bila sukari nguru siwezi kuita hiyo biskuti. Huku viwanda vidogo vya nguru viko kila mahali na ni tamu, ina ladha ya moshi kidogo. Vijiko viwili vilivyokwanguliwa vitampa mtoto raha. Au asali.

NyarKibuye

Nguru sawa. Kuhusu asali tuwe waangalifu na maneno. Kwa mtoto wa Mama wa Pili asali haina neno, shida yake ni yai na maziwa, na ana miaka sita. Lakini mtu anayekula vya mimea tu hataila, kwa sababu inatoka kwa nyuki. Mimi nina rafiki wa namna hiyo, nilimwokea na asali nikijua nimemfurahisha, akashukuru kwa upole na hakugusa hata moja. Mwulize mtu kwanza anakataa nini na kwa nini.

MwokajiMilimani

Nakubaliana. Na kwa ndizi zenye madoa, jaribuni kwanza bila nguru. Mkionja mkaona haitoshi, ongezeni.

Baba_Ahero

Swali la pembeni. Mzee wangu ana kisukari na nimeona hizi hazina sukari. Naweza kumpa kwa chai?

MuuguziKakamega

Ndugu, tafadhali tenganisha "haikuongezwa sukari" na "haina sukari". Ndizi iliyoiva sana ina sukari nyingi, zabibu kavu na tende zaidi, kwa sababu maji yametoka na sukari imebaki. Na oti zenyewe ni wanga. Kweli, nyuzi za oti na mafuta ya karanga hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, ndiyo maana biskuti hii ni afadhali kuliko ile ya unga mweupe na sukari. Lakini ni chakula cha kuhesabiwa. Moja ndogo na chai isiyo na sukari, mahali pa kipande cha mkate na si juu yake, halafu mpime baada ya saa mbili muone mwili wake unasemaje. Na awaeleze kliniki anakohudhuria. Ukimwokea, punguza zabibu na uongeze karanga zilizopondwa.

Baba_Ahero

Nimeelewa dada, asante. Nilikuwa nampelekea sahani nzima.

BintiShinyalu (Kakamega)

Naomba niwaambie kuhusu matunda mabichi, kwa sababu nimepoteza trei tatu hapo.

Kichwa cha uzi kinasema oti na matunda, nami nikafikiri tunda lolote litakubali. Nilikata nanasi vipande vidogo nikatia ndani. Oveni ilipopata moto nanasi likaanza kutoa maji, kila kipande kikatengeneza kidimbwi chake, na biskuti zikachemka badala ya kuoka. Embe likafanya vivyo hivyo. Sasa nanasi nalikata dogo sana, nalitia kwenye sufuria bila maji, moto mdogo, nakoroga hadi maji yake yakauke na vipande vianze kushika sufuria. Nanasi moja la wastani linabaki kama bakuli dogo tu, la dhahabu, tamu hadi linakwaruza koo. Hilo ndilo linaloingia kwenye biskuti.

Lakini tunda ninalolipenda kuliko yote ni pera. Huku kwetu mipera inaota yenyewe kando ya njia na kwenye malisho, msimu ukifika mapera yanaoza chini na watu wanayapita. Ninaokota ya waridi ndani, nakata, nachemsha na maji kidogo hadi yalegee, napitisha kwenye chujio ili mbegu zibaki, halafu narudisha rojo motoni. Ninakoroga kwa karibu nusu saa hadi mwiko ukipita chini ya sufuria njia ibaki wazi kidogo kabla haijajifunga. Pera lina ile asili ya kugandisha inayofanya jemu ishike, kwa hiyo rojo lake linashikanisha biskuti vizuri sana. Nachukua gramu 100 za rojo la pera na gramu 200 za ndizi mahali pa ndizi 300. Harufu yake ikianza kutoka kwenye oveni, jirani anakuja mwenyewe kuuliza ninapika nini.

ShangaziWaWebuye

Binti wangu, umenikumbusha nyumbani kwa mama. Mapera tulikuwa tunayala hadi tumbo linakataa kufanya kazi.

Mjoro_Jikoni (Njoro)

Na sisi tusio na oveni? Nina jiko la makaa na sufuria.

NyarKibuye

Ndivyo nilivyoanza. Tumia sufuria kubwa nzito, utie mchanga mkavu uliochekechwa kina cha kidole kimoja, ufunike na kuipasha dakika kumi na tano. Trei ndogo ya bati, au hata kifuniko cha sufuria kilichogeuzwa, iweke juu ya mawe matatu madogo yaliyolala kwenye mchanga. Funika kwa kifuniko bapa, kisha panga makaa juu ya kifuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Wengi huunguza biskuti kwa sababu wanaacha jiko lote likiwaka chini. Zangu huchukua dakika 20 hadi 25, saba saba kwa mara moja. Na fanyia nje au mlango ukiwa wazi kabisa, moshi wa makaa ndani ya nyumba iliyofungwa unaua.

MuuguziKakamega

Mama wa Pili, kabla hujaoka ya shule: soma pakiti zote, hata za vitu usivyovishuku. Majarini nyingi zina maziwa ndani, chokoleti hali kadhalika, na maandishi ni madogo. Osha trei, mwiko na bakuli kwa sabuni kama uliwahi kuvitumia kwa keki ya mayai. Na mwulize mwalimu kama kuna mtoto mwingine darasani ambaye karanga zinamdhuru. Usije ukamtoa wako kwenye shida ukamwingiza mwingine.

MamaWaPili58

Hilo la karanga halikuwa limenipitia akilini kabisa. Nitauliza kesho asubuhi.

MamaWaPili58, Jumatano iliyofuata

Nimerudi. Mwalimu amesema kuna msichana mmoja ambaye karanga hawezi. Kwa hiyo siagi ya karanga nimeitoa. Nimetumia ufuta, nimeukaanga ukapasuka pasuka, nikausaga na mafuta ya alizeti vijiko viwili hadi ukawa laini. Mwalimu amethibitisha na mama wa msichana kwamba ufuta anakula.

Ndizi nilizifunga na avokado tangu Ijumaa. Leo zilikuwa na madoa kama chui. Nilizimenya nikapima, tatu na nusu zimetoa gramu 300 kamili. Nikasaga nusu ya oti, nikachanganya, nikatia wimbi la Shangazi vijiko vinne baada ya kulikaanga, maji vijiko viwili. Nilipotazama bakuli lile nilikata tamaa, lilikuwa tope lile lile la siku ya kwanza. Nikafunika, nikaenda kuanua nguo. Niliporudi baada ya nusu saa nikachomeka kijiko katikati. Kilisimama. Nilimwita mume wangu aje akione.

Nimetengeneza ishirini na mbili. Kipimo cha unga kimenionyesha kwamba oveni yangu ilikuwa kali mno siku zote, unga uligeuka kahawia kwa dakika mbili. Nikaifuta, nikapunguza moto, nikaoka dakika kumi na tisa. Zilipotoka zilikuwa laini na mkono wangu ulitaka kuzirudisha, lakini nikasikia maneno ya Mwokaji nikaziacha juu ya waya. Baada ya saa moja niliinua moja kwa ncha, haikupinda. Nje ina ngozi inayokatika, ndani inatafunika, na wimbi limeipa rangi ya udongo wa Bahati baada ya mvua.

MwokajiMilimani

Kazi safi mama. Zikipoa kabisa ziweke kwenye mkebe unaofunga. Huko kwenu zitakaa siku tatu bila friji. Huku Kisumu siku ya pili zimeshalainika kwa unyevu, mimi huzirudisha kwenye oveni dakika tano.

MamaWaPili58, Ijumaa jioni

Amerudi na mkebe mtupu. Nilikuwa nimemwekea kumi na nane. Anasema yule msichana wa karanga alikula tatu, na kwamba walikaa dawati moja. Mama yake amenipigia saa kumi na moja kuomba vipimo, nikamtumia uzi huu.

Kijana anataka mwezi ujao ziwe na rangi ya waridi. BintiShinyalu, mapera huko kwenu yanaanza lini? Nina shangazi Khayega anayekuja Nakuru kwa matatu, anaweza kunibebea.

BintiShinyalu

Yameanza kugeuka rangi juzi, dada. Khayega ni jirani, mwambie apitie sokoni Shinyalu siku moja kabla ya safari, nitamjazia ndoo. Abebe yaliyokomaa lakini magumu, yataiva njiani.

MamaWaPili58

Nakuandikia pembeni sasa hivi.